Flaiwili ya Mzee Kipngetich

Mabonga hakuwa fundi wa kubembelezwa. Ukimpelekea gari pale gerejini kwake, nyuma ya nyumba za mtaa wa West Indies, atakuambia linaumwa nini, atakuambia dawa yake, na kama dawa huitaki atakuonyesha lango. Juu ya mabati ya lango hilo alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe, HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Wateja walicheka wakasema huyu ndiye fundi pekee Eldoret anayeutangaza uzembe wake kwa herufi kubwa. Lakini walirudi. Gari likitoka kwa Mabonga lilikaa mwaka, hata miwili, bila kulalamika, na wakulima na walimu wa huku wanajua uzito wa jambo hilo.

Kiburi hicho hakuzaliwa nacho. Alifika mjini akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka upande wa Kimilili, akaosha vyuma vya watu kwa mafuta ya taa miaka mitatu kabla ya kuaminiwa spana. Alipofungua gereji yake alikuwa mpole kupita kiasi. Mteja akisema funga hivyo hivyo, anafunga hivyo hivyo. Ndivyo alivyomfungia mwalimu mmoja, Mideva, klachi mpya juu ya flaiwili iliyokwisha. Flaiwili, kwa asiyeijua, ni ile sahani nzito ya chuma iliyo nyuma ya injini, ambayo klachi huikamata na kuiachia kila dereva anapobadilisha gia. Zinaishi kwa kusuguana, hizo mbili, na moja ikioza hufa na mwenzake.

Baada ya wiki sita Mideva alirudi bila gari. Alikuja na ile klachi ndani ya karatasi ya nailoni, imeungua, inanuka, akaiweka juu ya meza mbele ya wateja wanne. "Mabonga," akasema, "hii ni kazi ya mikono yako." Kisha akaenda zake. Hakupiga kelele, na laiti angepiga, maana kelele husahaulika. Mabonga aliapa siku hiyo kwamba gari halitatoka tena kwake likiwa limefungwa nusu, hata mwenye gari apige magoti.

Kiapo hicho alikishika miaka ishirini na moja. Mara moja tu alipaswa kukivunja, na hakukivunja, na hilo ndilo linalomnyima raha mpaka leo.

Ilikuwa mwezi wa pili, jua kali, mahindi ya watu yameshaingia ghalani. Mzee Kipngetich alileta pikapu yake nyeupe kutoka shambani kwake, upande wa Turbo. Injini ilinguruma vizuri, lakini kwenye mlima mdogo tu gari lilikuwa linapiga kelele bila kwenda. Mabonga hakuhitaji kulala chini yake kujua kwamba klachi imekwisha. Walijuana miaka mingi, yeye na Mzee. Pikapu hiyo hakuna mkono mwingine uliowahi kuifungua.

Alishusha giaboksi, akatoa klachi, akaifuta flaiwili kwa kitambaa. Ilikuwa na madoa ya buluu ya kuungua na nyufa nyembamba kama nywele zilizotawanyika usoni mwake, na riveti za klachi zilikuwa zimeichimba mfereji mzima. Alipitisha ukucha, ukucha ukakwama. Akampigia Mzee simu, na Mzee akaja kesho yake asubuhi na mapema.

"Mzee, klachi imeisha, hiyo ulijua. Lakini hata hii nayo imeenda. Iguse."

Mzee hakuitazama. Aliipapasa kwa vidole viwili, polepole, mpaka vidole vikaziona nyufa. Mabonga akapenda namna hiyo ya kugusa. Akasema moyoni, huyu ni mtu anayeheshimu chuma.

"Haiwezi kuchongwa?"

"Imeshachongwa mara mbili, Mzee. Nikiipeleka kwa mashine tena itabaki kama chapati. Itapasuka."

"Na mpya?"

"Hapa Eldoret haiko. Nimeuliza maduka yote. Hii model ni ya zamani, inatafutwa Nairobi. Wiki moja, pengine mbili."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Si uifunge tu na hii ya zamani, Fundi. Hiyo ingine ikikuja, nirudi uifungue."

"Mzee, nikiweka klachi mpya hapa, itakuwa inatetemeka kila ukitoa gari. Itakula hiyo klachi yote."

"Wacha iikule. Mimi nataka siku chache tu. Kuna safari kidogo."

Kuna safari kidogo. Hapo ndipo Mabonga alipopaswa kufungua kinywa na kuuliza, safari ya wapi, Mzee? Kuuliza si ujinga, hata watoto wa chekechea wanaimbishwa hivyo. Lakini Mabonga alilelewa na nyanya yake, na nyanya alimfunza kwa fimbo kwamba mtu mzima haulizwi anakokwenda. Ukimuuliza mzee safari yake umemfanya mtoto, tena umemfungia njia. Naye Mzee Kipngetich, kwa malezi yake, hakuwa mtu wa kumweleza fundi mambo ya nyumbani kwake akiwa amesimama kwenye mafuta machafu. Basi wote wawili walikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Mabonga alidhani ni pesa. "Mzee, kama ni bei, usijali. Tutaelewana pole pole."

Mzee alimgeuzia uso. "Si pesa," akasema, na kwenda kutafuta boda boda.

Wewe msomaji nitakuambia kile ambacho Mabonga hakuambiwa, maana sioni faida ya kukuficha. Mwezi wa kwanza daktari wa macho alimwambia Mzee kwamba presha ya macho imeshakula jicho la kushoto lote, na la kulia limebakiwa na kidogo. Matone atie, lakini asijidanganye. Kama ni lazima aendeshe gari, aendeshe mchana, barabara aijuayo, mwendo wa pole, na mwisho wake uwe kliniki ya mwezi wa tatu. Baada ya hapo funguo wapewe wengine. Mzee alitoka pale na karatasi yake, hakumwambia hata mtoto mmoja, kwa kuwa aliwajua wanawe: wangempokonya funguo jioni hiyo hiyo.

Alimwambia mkewe, Mary, basi. Na kulikuwa na deni la maneno kati yao. Waliishi pamoja miaka arobaini na mitatu. Pikapu ile ilibeba mahindi, ikabeba ndama, viti vya harusi za watu, wajawazito wa majirani, na majeneza mawili ya nyumba yao wenyewe. Hata siku moja haikuwahi kumbeba Mary kwa ajili ya Mary. Tangu wakiwa vijana Mzee alikuwa akimwambia, nitakupeleka Iten, pale ardhi inapokatika ghafla na Bonde la Kerio linaanza, usimame ukingoni uone. Baada ya mavuno, alisema. Kila mwaka ilikuwa baada ya mavuno, na kila mavuno yalikuja na shughuli zake. Sasa alitaka kumpeleka kabla giza halijamfunga, aendeshe kwa mikono yake na aone kwa jicho lake lililobaki, yeye na mama watoto wake, asubuhi moja ya anga safi. Hizo ndizo siku chache alizoomba. Flaiwili ile mbovu ingempeleka Iten na kumrudisha, na ingempeleka tena wiki ya pili kama angetaka. Mabonga mwenyewe hakatai hilo.

Lakini Mabonga aliagiza. Baada ya siku nane mzigo ukafika kwa basi, akaufungua kwa shauku ya mtoto, akaiweka flaiwili mpya kando ya ile ya zamani, akatukana kwa Kibukusu cha kwao. Matundu ya bolti hayakulingana. Mtu mwingine angetafuta namna ya kulazimisha. Mabonga aliifunga tena kwenye gunia na kuirudisha ilikotoka, na akajisifu kwa kufanya hivyo.

Mzee alikuja siku ya kumi. Alisimama langoni kwanza, kama anayetafuta nyumba asiyoijua, mpaka Mabonga alipomsalimu ndipo akaifuata ile sauti.

"Bado, Fundi?"

"Walituma ya gari ingine, Mzee. Nimerudisha. Ingine iko njiani."

"Hiyo ya zamani bado iko?"

"Iko hapo kwa kona. Lakini Mzee, wewe unanijua. Siwezi kukupatia gari mbovu."

"Nakujua," alisema Mzee. Akatia mkono mfukoni, akautoa mtupu. "Nakuomba, Mabonga."

Alimwita kwa jina. Miaka yote alikuwa akimwita Fundi, na siku hiyo alimwita kwa jina. Mabonga alilisikia hilo, na likamgusa, lakini alimkumbuka Mideva na ile karatasi ya nailoni, akaukaza moyo. "Ukikwama barabarani, Mzee, nitajificha wapi? Ngoja kidogo. Nitakupatia gari ya kukaa miaka kumi."

Miaka kumi! Mzee alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwenda.

Jioni hiyo, nyumbani Langas, Mabonga alimsimulia mkewe Nekesa huku akila. Alisimulia kama mtu anayengoja kusifiwa. Nekesa aliendelea kuchambua mboga za kesho.

"Kwani anaenda wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo mzee. Anaenda wapi mpaka akuombe hivyo?"

"Mzee haulizwi, Nekesa."

"Mimi ningemuuliza," alisema Nekesa. "Ama ningemuuliza mke wake."

Mabonga alimwambia kwamba wanawake wanapenda habari za watu, na kuomba aongezewe ugali. Nambari ya simu ya nyumbani kwa Mzee ilikuwa ndani ya simu yake, hapo hapo mezani kando ya sahani.

Mara ya tatu Mzee alipokuja, karibu akanyage karai la mafuta machafu lililokuwa mbele yake mchana kweupe. Mabonga alimdaka mkono. "Pole pole, Mzee." Akasema moyoni, huyu amezeeka ghafla. Mzee aliifikia pikapu yake, akaweka kiganja juu ya boneti, akasimama nayo hivyo. Hakuomba tena. Aliuliza tu ni lini, Mabonga akasema kesho kutwa, na safari hii alikuwa anasema kweli.

Mzigo wa pili ulikuwa wenyewe. Mabonga aliufunga kwa mkono wake, bolti moja moja, klachi mpya, beringi mpya, kila kitu kimefutwa mpaka kinang'aa. Alipolijaribu gari kwenye mlima halikutetemeka hata kidogo. Lilitoka kwa ulaini ambao hajapata kuusikia kwenye gari la umri huo, naye akapiga mluzi njia nzima ya kurudi. Ilikuwa imepita wiki ya nne tangu ashushe giaboksi. Alipiga simu, simu haikupokewa. Akapiga kesho yake. Pikapu ilikaa gerejini siku sita, imeoshwa.

Siku ya saba walikuja watatu: Mzee, Mama Mary, na binti yao Chebet, ambaye ni karani mjini. Chebet ndiye aliyemshika Mzee mkono. Mzee alikuwa amevaa miwani myeusi, na alitembea akiinua miguu juu kuliko inavyohitajika, kama avukaye mto. Mabonga alitazama, na kabla hajaambiwa neno, akajua.

"Naomba nikae ndani kidogo," alisema Mzee.

Wakamwongoza mpaka mlango wa dereva. Alipanda mwenyewe, mikono ikijua pa kushika. Aliwasha injini. Alikanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza, akatoa, akaweka ya pili, ya tatu, ya nne, ya kurudi nyuma, mguu wake wa kushoto ukikanyaga na kuachia nusu, gari likijisogeza kidogo sana mbele, kidogo sana nyuma, pale pale uani. Hakuna aliyemzuia.

Mama Mary alisimama kando ya Mabonga. Alizungumza bila kumtazama. "Kliniki ilikuwa Jumanne. Wamemkataza. Lakini hata wasingemkataza, tangu Alhamisi ile ingine haoni. Anasema ni weupe tu."

Kisha akamwambia yote, Iten, na baada ya mavuno, na siku chache. Hakusema kwa hasira. Alisema tu jinsi mtu anavyoeleza njia ya kwenda mahali.

"Mama, mimi sikujua," alisema Mabonga. "Mungu ananiona, sikujua."

"Ungejuaje? Hakusema. Mimi nilimwambia, mwambie Fundi, akasema mambo ya macho yangu si ya gereji."

Mabonga alitafuta pa kujificha. Alijiambia, labda ni heri, mtu asiyeona barabarani angeua watu, labda mimi nimewaokoa. Wazo hilo lilimpoza kwa muda mfupi tu. Alijua vizuri kwamba siku ile ya kwanza Mzee alikuja mwenyewe kutoka Turbo akiendesha, akaegesha kati ya magari mawili bila kugusa hata moja. Siku ile alikuwa anaona. Na siku ya kumi, alipomwita kwa jina, bado kuna kitu alikuwa anaona. Huwezi kumtengenezea mtu gari salama huku muda wake unayeyuka mikononi mwako, halafu ukajiita mkombozi. Aliona haya, akaona haya mpaka masikio yakawaka.

Alikwenda mlangoni kwa Mzee. "Mzee, nitawapeleka mimi. Kesho asubuhi. Mimi niendeshe."

Mzee alizima injini. "Haitetemeki," alisema. "Ulisema kweli, Fundi. Imekaa vizuri sana." Alishuka akishikilia mlango, akaupapasa mkono wa Mabonga mpaka akaupata, akaushika. "Usijilaumu. Wewe ulikuwa na haki."

Hakuna neno ambalo lingemuumiza zaidi. Alikuwa na haki, ndiyo. Flaiwili ilikuwa imekufa, na fundi yeyote mwenye akili angesema hivyo, na hata leo ukimletea ya aina ile atakuambia itupe. Majuto ya mtu aliyekosea yana mlango, kwa sababu anaweza kutubu na kujirekebisha. Ya Mabonga hayakuwa na mlango. Alifanya kazi njema kuliko zote za maisha yake, kwa wakati usiofaa, kwa ajili ya mtu ambaye yeye hakumuuliza hata swali moja.

Chebet aliendesha, Mama akakaa katikati, Mzee dirishani. Wakaondoka. Mabonga hakufanya kazi tena siku hiyo. Ile flaiwili ya zamani iliyokuwa kwenye kona aliibeba mwenyewe hadi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana hakuweza kuiangalia.

Mwezi wa saba Chebet alileta pikapu kubadilishiwa oili. Mabonga alimpa kiti, akamuuliza hali ya Mzee. Siku hizi anauliza. Huuliza wateja wote, wazee kwa vijana, gari unalitakia nini na lini, na wengine hukunja uso wakamwona amekosa adabu. Chebet alisema Mzee yuko, anasikiliza redio, anajua ng'ombe wake kwa sauti.

"Niliwapeleka Iten, yeye na Mama," alisema. "Jumapili iliyopita, baada ya kanisa."

Mabonga aliacha spana.

"Mzee mwenyewe alisema twende, ahadi ni ahadi. Nikawashusha pale ukingoni. Mama alisimama, akaangalia chini. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho, Fundi. Mzee akamuuliza, 'Unaona nini?' Mama akashindwa kuongea. Alikuwa analia, na hataki mzee ajue. Mzee akangoja, akangoja. Halafu akasema, 'Mimi naona weupe tu. Ni ukungu, ama?'"

"Mama akasema nini?"

"Akasema ndiyo, ni ukungu, umefunika kila kitu, hakuna mtu anaona. Mzee akafurahi kidogo. Akamwambia pole, tutarudi siku ingine kukiwa safi."

Mabonga aliitazama oili ikimalizika kudondoka kwenye karai.

"Na kulikuwa na ukungu?" akauliza.

"Hapana," alisema Chebet. "Kulikuwa safi kabisa. Tuliona mpaka milima ya Tugen, ng'ambo."